Feni ya Rejeta na Msemaji wa Ukoo

Jumatatu, 9 Juni

Daktari kasema moyo umetanuka. Kasema nisikae na hasira, nisipande ngazi, nisile chumvi. Nilipomuuliza imebaki miaka mingapi, akaanza kupanga kalamu zake mezani. Sawa. Nina themanini na miwili, sidai nyongeza.

Padre kanishauri niandike makosa yangu kila siku, nisije nikayasahau nitakapoungama kwa mara ya mwisho. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili. Stellah, mke wa mwanangu Werema, kaniuliza kama zitatosha. Sikuipenda ile sauti.

Basi naanza na kosa la leo. Nimemchukia ndugu yangu Magige kuanzia saa nne asubuhi mpaka sasa, bila kupumzika hata wakati wa chakula.

Sababu ninayo. Jumamosi wageni wanakuja nyumbani kwetu Butiama kumposa mjukuu wangu Grace. Grace ni mtoto wa marehemu binti yangu Nyangi. Kazaliwa nyumbani kwangu, kakulia nyumbani kwangu, nimemfundisha kusoma kwa kutumia kopo la maziwa. Hakuna mjukuu mwingine atakayeolewa nikiwa hai. Nilitaka kitu kimoja tu kabla sijafa: kusimama mbele ya wageni na kumtoa Grace kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ukoo umekaa kikao kwa simu, spika ikiwa wazi mezani. Msemaji kachaguliwa. Magige! Mdogo wangu! Bwana mifugo mstaafu wa Bunda, mtu aliyezungumza na ng'ombe miaka thelathini! Nikauliza kosa langu. Werema akakohoa na kusema, "Baba, ile posa ya mwaka juzi ulisema saa moja na dakika ishirini." Nikamjibu kwamba ilikuwa saa moja na kumi. Akasema mjomba wa bwana harusi alilala mpaka akaanguka kwenye kiti. Hilo ni tatizo la kiti.

Mpango wao wa Jumamosi: mpwa wangu Fredi atanipeleka Butiama kwa gari lake dogo, kutoka hapa Musoma moja kwa moja. Werema ataanzia Bunda na vani yake, ampakie Magige na wazee wa huko, kisha aje nao Butiama.

Nimeufikiria mpango huo mchana kutwa. Ikiwa vani haitafika, Magige hatafika. Ikiwa Magige hatafika, mkubwa kuliko wote pale atakuwa nani?

Leo nitalala vizuri.

Jumanne, 10 Juni

Nimetenda. Naandika kwa mpangilio, kama jaribio la maabara, maana nilifundisha fizikia sekondari miaka thelathini na mmoja na sitaki kuungama ovyo ovyo.

Vani ya Werema ni kuukuu, umri wake ni kama wa ndoa yake. Feni ya rejeta, ile inayopooza maji ya injini, ni ya umeme. Injini ikipata joto, swichi iliyoko kwenye rejeta inaiamsha rilei. Rilei ni kiboksi kidogo cheusi chenye sumaku ndani. Sumaku inavuta mkono wa shaba, mkono unagusa shaba nyingine, umeme unapita, feni inazunguka. Wakati mkono unavutwa unasikia "ta!"

Mjinga angechomoa fyuzi. Fundi yeyote anaanza na fyuzi. Mjinga angeficha rilei nzima. Nafasi tupu inaonekana. Mimi nimesubiri Werema aingie ndani kula, nikachomoa rilei, nikaifungua kifuniko kwa kisu cha Stellah cha kumenyea viazi, nikakata kipande kwenye bahasha ya dawa zangu za moyo na kukichomeka katikati ya zile shaba mbili. Nikafunga. Nikarudisha.

Sasa rilei italia "ta!" kama kawaida, na umeme hautapita. Kila kitu kizima, hakuna kinachofanya kazi. Hata serikalini nimeyaona hayo.

Nimefaulu. Vani ikiwa inakimbia barabarani, upepo utaipooza. Ikishasota polepole na wazee wanane ndani katikati ya Bunda, itachemsha palepale sokoni. Hakuna atakayeumia. Magige ataota jua tu.

Werema kaniuliza natafuta nini kwenye boneti. Nikasema nakumbuka ujana.

Jumatano, 11 Juni

Laana! Nimesahau kwamba Jumatano ni siku ya dagaa!

Werema kaamka alfajiri kaenda ufukweni Mwigobero, kapakia magunia ya dagaa mpaka darini, kaondoka kwenda Bunda. Saa tatu simu. Gari limechemsha getini kwa mteja. Maji yameruka juu, moshi, watu wamekusanyika. Mteja kakataa dagaa wake, kasema wanaonekana wamepikwa tayari.

Vani iko gereji, Bunda, kwa fundi umeme wa magari anayeitwa Jeska. Jina likanigusa. Nikamuuliza Werema, Jeska gani? Akasema, "Yule uliyempa kumi na tisa kwenye mtihani wa umeme, Baba. Kakusalimia."

Bado nilikuwa mtulivu. Vani mbovu ni vani mbovu, iwe leo iwe Jumamosi. Muhimu isipone. Na kwa fundi wa kumi na tisa, itaponaje?

Saa kumi jioni Fredi kapiga simu. Kaitwa Buhemba, mashimo yao ya dhahabu yameingia maji, hawezi kunipeleka Jumamosi. Ila nisijali, kasema, kaongea na Werema. Nitapanda vani.

Vani!

Nilimwambia Stellah moyo unanipiga. Akaleta dawa. Akashangaa bahasha imekatwa pembe. Nikasema panya.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda Bunda kwa basi la asubuhi kuokoa gari nililoliharibu. Stellah kanikataza, kataja daktari, kataja chumvi, sijui chumvi inahusianaje. Nikamwambia Grace hawezi kuposwa bila babu yake. Akanifungia ndizi za njiani.

Gereji ya Jeska ni bati nne na mti wa mwarobaini. Yeye mwenyewe ni mama mtu mzima sasa, ovaroli limejaa grisi, kitambaa kichwani. Akaniamkia, akanipa kiti cha gari lisilokuwepo tena. Werema, aliyelala huko huko Bunda, kasimama kando ya vani; Magige naye alikuwa ameshafika, kakaa kwenye tairi, anatoa maoni. Kwa maoni yake, rejeta imeziba magamba ya samaki. Jeska akamwambia, "Mzee, dagaa ingekuwa na magamba ya kuziba rejeta, Musoma nzima ingeshachemsha."

Nikafurahi kidogo. Kosa lingine, naliandika.

Kisha nikalazimika kukaa na kumtazama akitafuta kitu ninachokijua. Hakuna adhabu kama hiyo. Kaangalia fyuzi: nzima. Kawasha injini, kasubiri joto, rilei ikalia "ta!" Feni kimya. Kaifungua soketi ya feni, kaipa mota umeme wa betri moja kwa moja: ikazunguka mpaka kofia ya Magige ikaruka. Kachukua kitaa chake cha kupimia, kakigusisha kwenye soketi: giza. Basi mota nzima, fyuzi nzima, umeme haufiki. Anaufuata waya, anaubandua utepe sentimita kwa sentimita, anatafuta palipokatika.

Nikajaribu kumsaidia kwa mbali. Nikasema, je, rilei? Akacheka. "Mwalimu, rilei imelia 'ta'. Si wewe ulikuwaga unatuambia sumaku ikivuta, rilei ni nzima?" Nikasema pengine nilikosea. Akageuka, akanitazama kwa muda mrefu. Akasema kwa miaka minne darasani hakuwahi kunisikia nikisema neno hilo.

Magige akadakia kwamba kaka yake hajawahi kukosea tangu uhuru.

Saa saba Jeska na Werema wakaenda kula. Magige akasinzia juu ya tairi. Nikainuka. Nikachomoa rilei, nikafungua, nikavuta karatasi kwa kijiti cha meno. Ikagoma. Nikavuta kwa nguvu. Ikatoka, na mkono wa shaba ukapinda. Kidogo tu! Nikaunyoosha kwa ukucha. Nikarudisha, nikakaa, jasho linanitiririka kama injini ile ile.

Jeska karudi, kawasha, joto likapanda, "ta!", feni ikazunguka. Magige akapiga makofi. Werema akamkumbatia fundi. Jeska peke yake hakufurahi. Akasema, "Mimi sijafanya kitu na gari imepona. Hiyo mimi siipendi." Akaomba gari libaki mpaka kesho. Mimi nikakataa. Nikasema kwa sauti ya darasani kwamba mara nyingine kubandua utepe kunaamsha waya. Aibu! Ningemsahihishia mtoto wa kidato cha kwanza kauli hiyo kwa wino mwekundu.

Tumerudi Musoma. Magige kaja nasi, kaamua kulala kwetu ili Jumamosi tuondoke pamoja. Wazee wa Bunda watajitegemea. Kitanda chake kimewekwa chumbani kwangu.

Tulipofika, Werema kazima gari, kachomoa ufunguo. Feni ikaendelea kuzunguka. Stellah akasema, "Baba, mbona bado linavuma?" Nikamweleza kwamba magari ya zamani yanajipooza yenyewe yakizimwa, ni elimu ya joto, aende akapike. Akaenda.

Ijumaa, 13 Juni

Betri imekufa.

Feni ilizunguka mpaka ikanyonya tone la mwisho. Ule mkono wa shaba niliounyoosha kwa ukucha, ukishagusa, haubanduki tena. Asubuhi Werema kageuza ufunguo: hata mlio wa inzi hakuna. Stellah kasimama mlangoni na kikombe cha chai, kasema elimu ya joto imetufikisha.

Werema kampigia Jeska. Kaja kwa basi, kafika saa tano, kafungua boneti bila kumsalimia mtu. Hakugusa waya. Hakugusa mota. Kaenda moja kwa moja kwenye rilei, kaifungua kifuniko, kaisogeza juani.

Nilikuwa nimekaa mita mbili. Niliona alichokiona. Ndani kulikuwa kumebaki kipande cha karatasi kilichochanika nilipovuta, kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Na juu yake, kwa mwandiko wa mtoa dawa: 1 x 2.

Magige kauliza kuna nini. Jeska akakitia kile kipande mfukoni. Akasema, "Kuna panya, mzee. Panya anayetumia dawa." Werema akashangaa panya wa siku hizi. Stellah akanitazama mimi, halafu akaitazama chai.

Werema alipokwenda kuchajisha betri na Magige alipoingia chooni, Jeska kachuchumaa mbele yangu. Kasema taratibu, bila hasira, kwamba juzi na jana watu wa Bunda walikuwa wanasema fundi Jeska kashindwa feni ya gari la dagaa, na wateja wawili walivuta magari yao wakayapeleka kwingine. Akauliza kwa nini nimemfanyia hivyo. Nikamwambia sikumlenga yeye, nilimlenga ndugu yangu. Nikamweleza habari ya Grace yote.

Akasema, "Mwalimu, swali hili lilikuwa namba sita kwenye ule mtihani. Saketi nzima, umeme haupiti, eleza kwa nini. Niliandika kuna kitu katikati ya shaba. Ukaweka mkasi, nimekosa."

Nilikumbuka. Nilitaka jibu la kutu.

Nimemwahidi kumwambia Werema ukweli ili jina lake lisafike. Akasema nimwambie leo. Nikasema baada ya posa. Kosa jingine hili, naliona kabisa, limekaa mbele yangu kama ng'ombe barabarani.

Rilei ya namna ile haipo madukani Musoma, mpaka iagizwe Mwanza. Jeska kachomoa rilei ya honi, inafanana, kaiweka kwenye feni. Feni inazunguka na kuzima inavyotakiwa. Kasema mpaka Jumanne gari halina honi, twende polepole. Honi! Nani anahitaji honi kwenda Butiama?

Jumamosi, 14 Juni

Naandika. Kwa mdomo siwezi tena kusema neno.

Tumetoka saa mbili. Werema anaendesha, mimi mbele kwa heshima ya umri, nyuma Magige, Stellah, Grace na masufuria. Feni safi. Mshale wa joto umetulia katikati. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu hata hivyo, kurasa sita, mfuko wa ndani wa koti. Mtu hajui.

Kabla ya Makutano, kundi la kwanza la ng'ombe. Wamejaa barabara nzima. Werema kabonyeza honi kwa mazoea: kimya. Magige kasema nyuma, "Kaka, fungua kioo niwaite. Mimi ng'ombe wananisikiaga." Akaanza kupanga midomo apige ule mluzi wake wa mifugo.

Hapana! Mbele ya Grace, yeye aondoe ng'ombe na kisha aende akaseme! Nikamwambia aliyekaa mbele ndiye honi. Nikatoa kichwa dirishani, nikapiga kelele. Ng'ombe wakasogea. Nilijisikia mtu wa miaka arobaini.

Baada ya Makutano tulipoingia barabara ya Butiama, kundi la pili. La tatu. Mbuzi. Baiskeli mbili za mkaa. Mama wa kuni. Harusi nzima na matarumbeta, hao hawakusikia hata kidogo. Kila mara Magige anasema, "Kaka, pumzika." Kila mara mimi natoa kichwa. Kundi la tano nilitoa kichwa, nikafungua mdomo, ikatoka sauti kama mlango wa kabati. Ng'ombe mmoja alinigeukia. Sijui kwa nini, nahisi kwa huruma.

Magige akapiga mluzi mmoja. Njia ikafunguka.

Tumefika kabla ya wageni. Wakaja, wakakaribishwa, wakakaa upande wao. Magige akasimama. Nikaangalia chini, sitaki kuona. Akasema hivi, nakumbuka kila neno: "Ndugu zangu, mimi nimekubali usemaji huu ili kaka asisumbuliwe na maandalizi. Nilikwenda kulala kwake juzi nimwambie, lakini kila nikianza anageukia ukuta. Huyu mtoto ni wa kwake. Aseme yeye."

Nikasimama. Kurasa sita mkononi. Nikafungua mdomo.

Kabati.

Wageni wakatazamana. Grace akaziba uso na kitenge, sikujua analia au anacheka, mabega yalikuwa yanatikisika tu. Magige akaja, akasimama ubavuni kwangu, akainamisha sikio. "Ninong'oneze, kaka. Mimi nitapaza."

Nikamnong'oneza. Habari ya Nyangi. Habari ya kopo la maziwa. Habari ya maana ya joto linapotoka mwili mmoja kwenda mwingine. Dakika kumi kamili. Magige akaitikia kwa kichwa, akawageukia wageni, akasema:

"Anasema huyu ndiye macho yake. Mtunzeni."

Basi! Maneno sita! Kurasa sita nzima, kila ukurasa neno moja!

Wanawake wakapiga vigelegele. Baba wa kijana akafuta macho kwa kofia. Grace akaja akapiga magoti mbele yangu, akashika mikono yangu yote miwili, na sasa niliona wazi kwamba analia. Akasema, "Asante, Babu. Hukuwahi kuniambiaga hivyo."

Kweli sikuwahi. Hayakuwemo hata kwenye zile kurasa sita. Nilibaki nimemshika mikono na kufikiri, Magige kayatoa wapi.

Kisha wakaanza kutaja ng'ombe, na huko nako Magige kasema vizuri. Sikumchukia kwa takriban dakika ishirini.

Jumapili, 15 Juni

Nimemwandikia Werema ukweli kwenye karatasi, kwa kuwa sauti bado. Kasoma mara mbili. Katoka nje, kasikika akicheka peke yake karibu na boneti, kisha karudi kanuna. Kampigia Jeska mbele yangu. Kesho atakwenda Bunda na kuitangazia gereji nzima kwamba panya alikuwa baba yake. Kampa na kazi zote za vani mpaka itakapokufa. Kwenye ile karatasi nimeongeza mstari: Jeska, namba sita, alama zote. Jumla inakuwa ishirini na tano. Bado kashindwa, lakini haki ni haki.

Mchana nikaenda kuungama. Nilichukua daftari hili. Nikapiga magoti kwa shida, nikaeleza kila kitu tangu Jumatatu: kisu cha viazi, bahasha, dagaa, Jeska, chuki kwa siku na saa. Nilijitahidi. Iliyotoka ilikuwa pumzi tupu. Padre akainama karibu na wavu wa kitubio, akasema, "Sauti zaidi kidogo, Mzee Kasmiri." Nikarudia. Pumzi. Akasubiri. Nadhani kulikuwa na foleni. Akasema Mungu kasikia, akanipa maondoleo na Salamu Maria tatu.

Tatu! Kwa yote hayo! Mwaka jana nilipewa kumi kwa kumtukana mbuzi wa jirani.

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi, moyo unapiga taratibu, daktari angeshangaa. Stellah kanipa uji. Magige bado yupo, kesho ndipo anarudi kwake. Kanieleza kwa furaha kwamba harusi ya Grace imepangwa Agosti, na kamati imemwomba atoe nasaha za familia, maana jana kila mtu kaguswa na yale maneno yake sita.

Yake!

Nimetabasamu. Nimemshika bega. Kisha nikamwandikia Werema swali dogo, la kirafiki tu, kuhusu vyombo vya muziki vya ukumbini. Kanijibu vinakodishwa kwa Prosper, pale Bweri. Amplifaya ni moja, na maikrofoni zote zinapita humo.

Fyuzi yake naijua: iko nyuma, chini kushoto. Inafunguka kwa mkono.